Dakika Tisa za Sanduku Namba Nane

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, mlinzi wa gati aliona visigino viwili vikielea katikati ya boti namba saba na boti namba nane, akadhani ni maboya. Alipokumbuka kwamba maboya hayana vidole, alipuliza filimbi mpaka ikamdondoka mdomoni.

Mwenye visigino alikuwa Kambare. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Pale gatini hata wenye boti walimwita Kambare, kwa sababu kwa miaka kumi na minne alikuwa akizama chini ya boti zao za starehe na kikwangulio chake, akiparua ukoko na majani ya ziwa, kisha akiibuka anacheka. Mtu wa namna hiyo kufa maji! Afadhali uambiwe mpishi kafa njaa jikoni kwake.

Maiti haikuwa na jeraha wala mchubuko. Macho yalikuwa wazi, taya zimekazana. Walipomlaza juu ya mbao za gati, maji yalimtoka puani taratibu, na watu wakaanza kusema yale yasemwayo na watu: presha, kilevi, mwenzetu siku zake zilikuwa zimefika.

Sajenti wa upelelezi alifika saa tano kasoro dakika tano. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya raba na daftari la shule. Kituoni walimwita Kupe, kwanza kwa kunong'ona, baadaye machoni pake, naye hakukasirika. Kupe akishika ngozi habanduki mpaka ashibe, na mama huyu alikuwa hivyohivyo.

Kabla ya kumuuliza mtu lolote, alitembea gati zima, mikono nyuma, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Mbele ya kila boti kulikuwa na sanduku jeupe la umeme, urefu wa kifua, lenye namba, tundu la kuchomekea na swichi. Kutoka kila sanduku kebo nene iliingia kwenye boti, ili tajiri akilala humo apate taa, friji na maji ya moto. Swichi za masanduku namba sita, saba na nane zilikuwa zimeshushwa chini, na kila moja ilikuwa imefungwa kitambaa chekundu.

Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Mke wa marehemu alikuwa fundi cherehani. Alishona mito na maturubai ya boti kwenye kibanda nje ya geti. Alipita katikati ya polisi kana kwamba hawapo, asiende kwa maiti, akaenda moja kwa moja kwa fundi umeme wa gati. Akamtemea mate usoni.

"Umemuua! Si ulisema utamnyamazisha? Haya, kanyamaza! Furahi basi!"

"Dada..."

"Usiniite dada! Mama alipotutoka nilikubeba mgongoni. Nikakusomesha ufundi kwa cherehani moja, nalala na njaa. Kumbe nalea nyoka!"

Fundi umeme hakujifuta. Mate yalimtelemka shavuni mpaka kidevuni naye amesimama tu, mikono imening'inia. Kupe aliliona hilo, akaliandika. Mtu aliyeonewa hujifuta, ndivyo alivyojua yeye.

Simu yake ikalia. Mkuu wa kituo.

"Kupe, mwenye gati amenipigia mara tatu. Wageni wake wanaondoka. Nimesikia kuna fundi umeme alimtishia marehemu mbele za watu. Saa kumi na moja jioni nataka aandikiwe shtaka la kuua, tumalize."

"Na kama siye?"

"Basi niletee aliye yeye kabla ya saa kumi na moja. Vinginevyo ni huyohuyo."

Kosa la kuua si kosa la kulipia faini ukarudi kwenu. Kupe alitazama saa yake. Saa tano na dakika kumi na tano.

Alianza na mlinzi, ndani ya kibanda cha geti. Mlinzi alikuwa na kitabu kikubwa, na mwandiko mzuri kuliko wa mahakamani. Kupe akasoma: Saa 3:40, Kambare kafunga vitambaa 6, 7, 8. Kaingia majini.

"Mpaka vitambaa unaandika?"

"Ni yeye marehemu alinitaka, afande. Zamani alifunga kimoja tu, cha boti anayoiparua, umeme uzimwe. Tangu yule mama mwosha boti afe maji, wiki sita zilizopita, akaanza kufunga vitatu. Boti yake na majirani wawili. Na akaniambia niandike saa."

"Nani anavifungua?"

"Yeye peke yake. Hapa hata mwenye boti akija na mkewe na barafu yao inayeyuka, hagusi mtu kitambaa. Ndiyo sheria yetu. Swichi yenye kitambaa ina roho ya mtu."

"Yule mama alifia wapi?"

Mlinzi alikuna kichwa. "Palepale. Kati ya saba na nane. Aliteleza na ndoo yake. Wakasema hakujua kuogelea."

"Hakujua?"

"Sijui, afande. Ila pale maji yenyewe yanafika kifuani."

Kupe aliliandika hilo kwenye ukurasa wake peke yake, kisha akaendelea. Asubuhi hiyo, kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa nne kamili, mlinzi alikuwa ameshika ngazi getini, na fundi umeme yuko juu anabadilisha taa. Saa nne fundi akashuka, akasema anakwenda stoo. Hakuonekana tena mpaka filimbi ilipolia. Dakika ishirini za kujua yeye na Mungu wake.

"Jambo lingine," mlinzi alisema, akirudisha kurasa nyuma. "Boti namba saba iliparuliwa siku nane zilizopita. Ona. Sikuelewa kwa nini leo ametumwa tena."

"Ametumwa na nani?"

"Meneja."

Fundi umeme alimsubiri stooni, amekaa juu ya gurudumu la waya. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na uso wa mtu wa hamsini.

"Wiki mbili zilizopita," Kupe alisema, "mbele ya watu watano, ulimwambia shemeji yako: nyamaza, la sivyo nitakunyamazisha. Anyamazie nini?"

"Mambo ya nyumbani."

"Dada yako anasema nyumbani hamkuwa na neno."

Fundi aliokota kipande cha waya, akakikunja.

"Saa nne mpaka saa nne na ishirini ulikuwa wapi?"

"Hapa. Peke yangu. Hakuna aliyeniona." Akanyoosha mikono. "Nitie pingu tu, afande."

"Wewe bwana, mimi nikikutia pingu ni kwa kutaka kwangu, si kwa kutaka kwako," Kupe alifoka. Lakini alimtia, maana konstebo aliyekuja naye alikuwa anatazama na amri ya mkuu ni amri. Kisha akamwambia afungue masanduku yote matatu, pingu hivyohivyo.

Ndani ya sanduku la sita kulikuwa na swichi pana yenye kitufe kidogo cha njano. La saba vilevile.

"Hicho kitufe ni cha nini?"

"Hii ndiyo swichi ya usalama. Umeme ukivuja hata kidogo, ukaenda usikotakiwa, inajikata yenyewe. Kitufe ni cha kuijaribu. Tunakibonyeza kila mwezi."

La nane lilikuwa na swichi nyembamba ya kawaida, kama ya kuwashia jiko. Haikuwa na kitufe.

"Na swichi ya usalama ya sanduku hili iko wapi?"

Fundi alitazama maji. "Aulizwe meneja."

Boti namba nane ilikuwa ya daktari wa meno. Alikuwa ameketi kwenye mto mweupe chini ya turubai refu, anajipepea na gazeti, amechukia kama aliyeibiwa. Alijibu maswali huku akitazama pembeni.

"Nimefika saa moja asubuhi. Nikachomeka kebo, nikasimamisha turubai, nikarekebisha saa, tukaenda klabuni na mke wangu. Nimerudi niliposikia filimbi. Watu mia wameniona."

"Saa gani hiyo umerekebisha?"

"Hiyo." Alionyesha ya ukutani. "Haina betri, inatumia umeme wa gati. Nikichomoa kebo inasimama. Nikija, kazi ya kwanza ni kuiweka sawa na simu. Mke wangu hapendi saa mwongo."

Saa ilikuwa imesimama. Kupe alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Saa tatu na dakika arobaini na tisa. Akaiandika, akaipigia mstari, akainama kuangalia kebo pale ilipochomekwa. Alimwita fundi.

"Ina nyaya mbili," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Kebo ya boti inatakiwa tatu. Haina ethi, ule waya wa kijani na njano, wa kurudisha umeme uliovuja ardhini."

"Ile ya zamani ilikuwa nayo," daktari alisema. "Ilikuwa balaa! Kila nikiwasha hita ya kuogea, swichi ya gatini inaanguka. Nikanunua hii, ikaanguka vilevile. Nikamlalamikia meneja, akasema atalishughulikia, na kweli akalishughulikia. Haijaanguka tena."

"Lini hiyo?"

"Miezi miwili hivi."

"Na hita ilikuwa imewashwa leo?"

"Naiacha siku zote. Mimi nioge maji baridi?"

Meneja wa gati walimwita Pasi, kwa sababu shati lake lilikuwa na mikunjo ya kukata mkate. Ofisi yake ilikuwa juu ya ngazi, dirisha lake linatazama maji. Alikuwa anafungua barua, moja moja, kwa kikata karatasi cha kusukuma kwa kidole gumba, na hakuacha kuzifungua Kupe alipoketi.

"Masikini, msiba mkubwa," alisema. Chwaa, bahasha. "Ila watu wa aina ile, Sajenti, unajua wanavyokunywa."

"Ulimtuma wewe kuparua namba saba?"

"Mwenye boti aliagiza."

"Yuko wapi?"

"Safarini." Chwaa.

"Masanduku ya umeme yako salama?"

"Yote. Nimeyasainia mwenyewe. Maji haya unaweza kumwogesha mtoto mchanga."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Tangu saa mbili sijanyanyuka kwenye kiti hiki, hata filimbi ilipolia. Siwezi kutazama maiti, moyo wangu laini. Na mtu asikudanganye kuhusu umeme: vitambaa vyake vyote vitatu vilikuwa vimefungwa asubuhi nzima. Nilikuwa naviona dirishani, sita, saba na nane."

"Vizuri," Kupe alisema, na akaandika neno kwa neno. Mwongo hasumbuliwi akiwa anasema, anasumbuliwa akimaliza.

Saa saba mchana alikwenda kwenye kibanda cha cherehani. Mjane alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Kupe alimwekea mapajani vitambaa vitatu vyekundu, vimechomolewa kwenye swichi na mafundo yake, kila kimoja kimebandikwa namba ya sanduku lake.

"Sina la kusema na wewe," mjane alisema. "Mfungeni. Akafie huko."

"Sikuombi useme. Vishike tu."

Vidole vya fundi cherehani havina msiba. Vilipita kwenye pindo la kwanza, la pili, la tatu, vikasimama.

"Hivi nilivishona mwenyewe," alisema polepole. "Urefu mmoja, pindo pande zote nne. Hiki cha namba nane ni kifupi. Upande huu umekatwa na wembe. Na fundo si lake. Mume wangu alikuwa anakaza mpaka yeye mwenyewe analifungua kwa ncha ya kikwangulio. Hili limefungwa kama kamba ya kiatu."

Kwa hiyo mtu alifika pale, akashindwa fundo, akalikata, akainua swichi, halafu akaishusha na kufunga kipande kilichobaki. Kupe alirudi gatini mbio mbio, na mtu wa umbo lake kukimbia ni jambo la kuonea huruma.

Saa nane alimchukua fundi na konstebo, wakatia waya wa kipimo cha umeme majini kati ya boti saba na nane, konstebo akainua swichi ya nane kwa mti mkavu. Sindano ya kipimo iliruka. Swichi ikashushwa, sindano ikalala.

"Hita ya daktari inavuja," fundi alisema. "Umeme ukikosa ethi, unashuka kwenye chuma cha boti, unaingia majini. Maji ya ziwa hayana chumvi, hayaupitishi vizuri. Mwili wa mtu unaupitisha. Kwa hiyo unamfuata yeye."

"Anakufa papo hapo?"

"Hapana." Alianza kukunja waya wa kipimo. "Misuli inakaza. Mikono haiendi, miguu haiendi. Anakuona, anakusikia, lakini hawezi kufungua mdomo akuite. Anazama hivyohivyo akili ikiwa nzima."

Kupe alifungua daftari. Kambare alizima sanduku la nane saa tatu na dakika arobaini, imeandikwa. Saa ya daktari, iliyowekwa sawa asubuhi ileile, ilipaswa kusimama hapohapo, tatu na arobaini. Ilisimama tatu na arobaini na tisa. Maana yake baada ya kuzimwa umeme uliwashwa tena, ukakaa dakika tisa, ukazimwa. Kuinua swichi hakuchukui dakika tisa. Mtu alisimama pale juu akingoja.

Alipanda ngazi za ofisi. Meneja alikuwa ameshuka kuzungumza na wageni. Kupe akaketi kwenye kiti chake, akatazama dirishani. Aliona sanduku la sita. Aliona la saba. Mahali pa la nane palikuwa na turubai refu la daktari, lililosimamishwa tangu saa moja asubuhi, limeziba kila kitu. Alinyanyuka, akajinyonga shingo huku na huku kama kuku anayetafuta tundu. Turubai tu.

Kikata karatasi kilikuwa mezani. Hakukigusa kwa mkono. Alikitia kwenye mfuko wa plastiki, kisha akakisukuma kwa juu ya mfuko mpaka wembe ukatoka.

Saa tisa na nusu aliwaita wote kwenye mbao za gati: mlinzi, daktari wa meno, meneja, fundi na pingu zake, na mjane, aliyesimama mbali na ndugu yake kadiri mbao zilivyoruhusu. Konstebo hakuwepo, alikuwa ametumwa mahali, na hakuna aliyeuliza wapi.

"Nataka kufunga faili," Kupe alisema. "Meneja anasema masanduku yote salama, maji ya kuogesha mtoto mchanga. Mimi namwamini. Basi atuonyeshe, tuondoke." Akaenda kwenye sanduku la nane, akainua swichi. "Piga magoti hapo, tia mkono majini, hesabu mpaka kumi."

Meneja alicheka. "Sajenti, una utani."

"Sina."

"Nimevaa saa."

"Ivue."

"Shati litalowa."

"Mbona kwako pasi ipo? Kunja mkono, baba."

"Huwezi kunilazimisha! Mimi ni mkuu wa mahali hapa!"

"Nipisheni," mjane alisema. Alikuwa amechoka na wanaume na maneno yao. "Mume wangu amekaa humo asubuhi nzima, mimi nitashindwa kutia mkono? Nitatia mimi."

Akapita, akapiga magoti ukingoni. Meneja alimwona. Alimwona vizuri, maana alikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Hakusema neno. Alitazama mbao zilizolowa chini ya viatu vyake, akarudi nyuma hatua tatu mpaka penye mbao kavu.

Aliyepiga kelele ni fundi umeme.

"Dada, usitie! Dada!" Alijirusha na pingu zake, akamkumba begani, wote wawili wakabingirika juu ya mbao. Lakini mkono wa mjane ulikuwa umeshaingia majini mpaka kiwiko.

Hakuna kilichotokea. Maji yalikuwa maji.

"Konstebo amezima gati zima kwenye swichi kuu," Kupe alisema. Mjane hakuwa kwenye hesabu zake, na kwa sekunde ile alikuwa ameomba konstebo asiwe amekosea swichi. Akamgeukia meneja. "Wewe hukujua hilo. Umemwona mwanamke anakwenda kufa, ukarudi nyuma usije ukapata shoti. Hata 'acha' hukumwambia."

"Niliogopa tu. Kila mtu anaogopa umeme."

"Umesema hukunyanyuka kwenye kiti chako, na uliona vitambaa vitatu. Nimekaa kwenye kiti hicho. Cha nane hakionekani. Turubai limekiziba tangu saa moja asubuhi. Utakionaje kama hukusimama hapa?"

"Nilikisia."

"Kilikatwa na wembe. Kikata karatasi chako kiko hapa mfukoni." Alikiinua. "Kwenye mfereji wa wembe kuna nyuzi nyekundu tatu. Bahasha zako zote nyeupe."

Meneja aligeuka kulitazama dirisha la ofisi yake.

"Mimi nimeziona saa za kila namna," Kupe aliendelea, "lakini saa ya daktari imenitia kichefuchefu. Dakika tisa. Uliinua swichi hii ukasimama dakika tisa, mtu yuko chini yako, macho wazi, anakutazama, hawezi kukuomba. Dakika tisa ulikuwa unafanya nini? Unanyoosha kola?"

"Nilidhani ingekuwa dakika moja!" meneja aliropoka. "Yule mama ilichukua dakika moja!"

Mlinzi alivua kofia yake. Daktari wa meno alikaa chini juu ya mbao, bila mto.

"Kumbe yule mama ulimwona," Kupe alisema, taratibu sasa.

Hapo yalimtoka yote, kama gunia lililopasuka. Miezi miwili iliyopita daktari wa meno alitishia kuhama, na yeye akaamuru swichi ya usalama ya sanduku la nane itolewe, iwekwe ya kawaida. Wiki mbili baadaye mama mwosha boti aliteleza, akakakamaa majini mbele ya macho yake. Kambare aliyemtoa alipigwa na ganzi mpaka kwenye meno. Kambare akaja ofisini: rudisha swichi, sema ukweli kwa watoto wa yule mama. Kuirudisha kulikuwa ni kukiri. Kambare akangoja wiki sita. Kesho wakaguzi wa umeme walikuwa wanakuja, na Kambare alikuwa ameapa atawaeleza.

"Yule wa kwanza ilikuwa bahati mbaya, Sajenti. Nakuapia."

"Najua," Kupe alisema. "Na ndiyo iliyokufundisha ya pili."

Walipomfunga pingu aliomba zisikazwe sana, zinakunja mikono ya shati. Konstebo alizikaza mpaka mwisho.

Saa kumi na moja kasoro robo fundi umeme alitoka mlango wa kituo, anasugua vifundo vya mikono. Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kuridhika na jina jipya, hakutaka hata kumwona. Dada yake alimngoja kwenye ngazi. Alipomwona aliinuka, akamshika uso kwa mikono miwili, pale pale alipomtemea mate.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe. Ulijirusha kuniokoa nami nilikuwa nakuombea kifo. Msiba ulinitia wazimu. Twende nyumbani, tukamzike pamoja."

Kupe alikuwa amesimama mlangoni nyuma yao. Angeweza kurudi ndani. Hakurudi.

"Nani alikwambia yale maji yana umeme?" dada aliuliza, bado anampapasa mashavu. "Ulijuaje?"

Jibu rahisi lilikuwepo. Sajenti kanionyesha leo mchana. Na lilikuwa kweli nusu. Kupe mwenyewe alitamani fundi alishike.

"Ile swichi niliitoa mimi," fundi alisema. "Kwa mikono hii. Meneja aliniamuru, nikaogopa kufukuzwa. Niliijua hatari yake siku ileile."

Mikono ya dada iliacha kupapasa, lakini ilibaki mashavuni.

"Yule mama alipokufa?"

"Nilijua kilichomuua."

"Na mume wangu?"

"Alinifuata wiki mbili zilizopita. Akaniomba twende wote kwa wakaguzi, tuseme wawili. Nikamwambia anyamaze. Ndiyo yale maneno mliyoyasikia." Alikuwa analia, bila sauti. "Ningesema, dada, angekuwa hai."

Dada alishusha mikono, akaifuta kwenye gauni lake, mbele na nyuma, kama anayetoka kushika samaki. Akatazama juu ya bega lake, kwa Kupe.

"Huyu mmemfungulia nini?"

"Hakumuua mumeo, mama," Kupe alisema. "Kwenye kesi atakuwa shahidi."

"Basi akae nanyi. Mazishini nisimwone. Wanangu wakiniuliza mjomba yuko wapi, nitawaambia tulimzika na baba yao."

Akashuka ngazi. Fundi alimwita mara moja, "Dada," kisha akaacha. Alimtazama mpaka alipokata kona. Halafu akageuka, akampita Kupe mlangoni, akaenda kuketi kwenye benchi la mahabusu, na hakuna aliyemshika.